Ghania, Mwosha Sola wa Chini ya Kilima

Ghania binti Muqbil alikuwa na mdomo mchafu na mikono safi, na sisi wa mtaa wa chini ya kilima, hapa Taizi, tulivihitaji vyote viwili. Mtu akimletea maji ya sabuni aoshee paneli za sola, maji yale humwagiwa mwenyewe miguuni. "Unataka kukaanga samaki juu ya kioo?" humuuliza. "Sabuni inaacha utando, utando unashika vumbi, vumbi linakula umeme. Hebu nipishe!" Na mtu huyo, hata kama ni mzee mwenye jambia kiunoni, hupisha. Asipooshewa sola yake atakaa gizani, na mkewe hatamnyamazia.

Umeme wa serikali ulikatika vita vilipoanza na haukurudi tena. Tangu hapo kila paa la mtaa wetu likawa na sola, nyumba hii nne, ile moja, kila mtu kwa uwezo wake. Aliyezifunga ni Shaif, mumewe Ghania, fundi mwenye subira ambayo mkewe hakujaliwa hata chembe. Na Shaif ndiye aliyemfundisha kazi. Osha kabla jua halijapata nguvu, maana kioo kikishapata moto ukikimwagia maji baridi kinapasuka. Tumia kitambaa laini, usikwaruze. Kinga maji machafu kwa beseni, yatafaa chooni, kwa sababu maji tunayabeba kwa madumu kutoka mbali. Kinyesi cha njiwa usikidharau, kwani kivuli kikikaa juu ya kioo, hata kiwe kidogo kama kiganja, paneli nzima inalala. Kisha shuka ukakaze vichwa vya betri, uvipake mafuta visiote kutu.

Shaif alifia juu ya paa lake mwenyewe. Alipanda kukaza nati moja tu iliyolegezwa na upepo. Kilima kiko upande wa macheo, karibu kiasi kwamba mbwa wao wakibweka tunawasikia, na kule juu wamejichimbia wadunguaji. Mwanamume yeyote anayeonekana juu ya paa upande wetu ni halali yao. Risasi ilimwingia Shaif shingoni, akaanguka kifudifudi juu ya paneli, na wanawake ndio waliomshusha. Alasiri ile, maiti ikiwa bado inaoshwa chini, Ghania alipanda na ndoo akaosha damu. Damu ikikauka kwenye kioo haitoki kwa urahisi, na paneli ile ndiyo iliyoendesha friji ndogo, na ndani ya friji mlikuwa na insulini ya Ulfat, binti yake wa pekee, mgonjwa wa sukari tangu utotoni. Aliosha huku akimtukana aliyepiga, na ukoo wake, na maziwa aliyonyonya. Kule kilimani walimsikia vizuri sana. Hawakupiga.

Hawakupiga kwa sababu alikuwa mwanamke. Kwetu, anayempiga mwanamke amefanya aibu nyeusi. Kabila lake lenyewe linamkana, hapewi kahawa popote, na binti zake hawaposwi na mtu. Sisi na watu wa kilimani tumetofautiana juu ya kila jambo, lakini hilo tulikubaliana bila mtu kumtuma mwenzake. Basi kuosha sola kukawa kazi ya wanawake, na kwa kuwa wengi wao waliogopa, kukawa kazi ya Ghania. Yeye alizaliwa mlima wa Sabir, ambako wanawake huuza mirungi sokoni nyuso wazi na hawamwogopi mtu. Alikuwa akipanda na gauni lake jekundu la kwao, mtandio wa njano, na kishada cha mrehani amekichomeka kando ya shavu. Alivaa hivyo makusudi.

"Acha wanione," alikuwa akisema. "Wanijue kwa mbali hata kama wana usingizi machoni. Nguo hii ndiyo ukuta wangu."

Ukuta huo uliibwa na shemeji yake.

Radman, mdogo wake Shaif, alikuwa kijana wa ndevu chache na maneno mengi. Alikuwa mpiganaji wa upande wetu, na aliishi nyumba moja na Ghania, pamoja na mama yao, Bibi Muhsina, ambaye miguu ilikuwa imemvimba siku nyingi hata ngazi za nyumba zikawa kazi kwake. Ghania alipoolewa, Radman alikuwa bado anavuta kamasi. Yeye Ghania ndiye aliyemfundisha kufunga viatu. Lakini tangu kaka yake azikwe, kijana hakuwa na jambo jingine mdomoni ila kisasi, kuanzia mkate wa asubuhi mpaka mirungi ya alasiri.

"Kisasi chako kitaosha sola?" Ghania alimuuliza siku moja wakiwa wamezunguka sufuria ya maharage.

"Wewe huna uchungu, shemeji. Mumeo amekufa, wewe unabembeleza betri."

"Mume wangu amekufa akikaza nati ili mwanawe aishi. Wewe umekaza nini, isipokuwa mashavu kwa mirungi?"

"Nyamazeni nyote wawili," akasema Bibi Muhsina. "Chakula kinapoa."

Kisha ikaja asubuhi ile. Ghania alikuwa kwenye foleni ya maji, madumu yake mbele, anagombana na mwanamke aliyetaka kumruka, mara bunduki ikalia. Milio tumeizoea, hakuna anayegeuka. Lakini huu ulitoka upande wa kwake, tena juu. Akayaacha madumu palepale akakimbia, nasi tuliomwona anakimbia hivyo tukajua kuna jambo, maana Ghania hakimbii.

Radman alikuwa amevaa gauni jekundu. Alijifunga mtandio wa njano mpaka puani, akapanda juu ya paa na ndoo mkononi na bunduki imefungwa tumboni chini ya nguo, akajifanya anafuta kioo. Kule kilimani walimwona wakasema ah, ni yule mwanamke wa matusi, wakamwacha. Mmoja wao akasimama wima kunyoosha mgongo, bila wasiwasi, kama mtu aliye uani kwao. Radman akapenyeza mtutu katikati ya paneli mbili akampiga kifuani.

Hapo angenyamaza akashuka, huenda tungeponea. Wangedhani risasi imetoka kwingine. Lakini kwetu mwanamume akilipa kisasi halipi kimya. Anayelipa kimya ni sawa na mwizi wa kuku. Lazima ataje jina lake, na la baba yake, na la yule anayemlipizia. Radman hakuweza kujizuia. Akautupa mtandio chini, akasimama juu ya paa ndevu nje na gauni la shemeji yake limembana makwapani, akapaza sauti: "Mimi ni Radman mwana wa Qaid! Huyo ni wa Shaif!" Kilima kizima kilimsikia. Kilima kizima kiliona amevaa nini.

Ghania alimkuta kwenye ngazi, anashuka huku anacheka na machozi yanamtoka. Nje, wanaume wa mtaa walikwisha anza kupiga risasi hewani kwa furaha.

"Nimemlipa, shemeji! Nimemlipa kaka!"

Ghania aliuchukua mti wa kufutia paneli, ule mrefu wenye sponji kichwani, akaugeuza, akamchapa nao mdomoni. Jino likaruka. Akamchapa la pili sikioni, la tatu mgongoni, na kila pigo alilitia nguvu zote za mtu anayebeba madumu ya maji kila siku. Radman akainua mikono, bunduki ikamponyoka ikabiringika ngazini.

"Umenivua nguo mbele ya kilima kizima!" Ghania akapiga ukelele. "Kesho nikipanda watajuaje kama ni mimi? Waje wanifunue wachungulie ndevu?"

"Ni vita, Ghania! Vita!"

"Kama ni vita, vaa suruali ukapigane! Toa nguo yangu! Itoe, mwana kulaaniwa we!"

Akamrarulia gauni mwilini. Angemuua, nadhani, kama Bibi Muhsina asingejikokota mpaka pale akajitupa katikati, akamkumbatia mwanawe, damu ya mdomo ikamchafua kifua. "Utaniulia aliyebaki!" akalia. "Nimebaki na huyu tu, Ghania. Huyu tu!"

Ghania akautupa ule mti. Hasira ilikuwa haijamtoka, na hofu nayo ilikuwa imeanza kumpanda.

Hofu yake haikuchelewa kutimia. Jirani yetu Nabiha, mke wa Hizam, mwanamke mpole asiyejua hata kutukana paka, alikuwa amelala na kichwa kinachomuuma, hakujua kilichotokea. Alasiri akapanda kwake kufuta kinyesi cha njiwa, kama alivyozoea. Hakupigiwa kelele wala kupewa onyo. Risasi ikamvunja paja. Alilala pale juu ya paa akilia mpaka dada zake walipomvuta kwa kamba, wakitambaa kwa matumbo, wanawake wazima, juu ya mapaa yao wenyewe.

Hizam alikuja mlangoni kwa Bibi Muhsina na jambia mkononi. Hakubisha hodi. "Yuko wapi bibi harusi?" akauliza. "Yuko wapi yule mwenye gauni? Mke wangu amevunjwa mguu kwa ajili ya gauni lake!" Radman alipotokeza, Hizam akamchana mkono kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo, na wangemalizana kama wanaume wanne wasingewaangukia. Na wanaume hao ni walewale waliopiga risasi hewani asubuhi. Sasa walikuwa wanatazama miguu yao, wapumbavu wakubwa.

Usiku ule upepo ukavuma na vumbi. Asubuhi paneli zote za mtaa zilikuwa rangi ya kuta, hata huwezi kujua wapi kuna kioo na wapi kuna tofali. Nani apande? Taa za betri zikawa nyekundu nyumba baada ya nyumba. Simu zikazima, pampu zikanyamaza. Kwa Ghania, friji ikatoa mlio mmoja wa kukata tamaa ikanyamaza nayo.

Alizifunga chupa za insulini kwa kitambaa kibichi akazitia ndani ya mtungi, akamwita muuguzi anayekaa mwisho wa mtaa. Muuguzi akagusa chupa, akatikisa kichwa. "Zimeanza kupata joto, dada yangu. Hili joto la sasa mtungi hauliwezi. Zikiharibika zimekuwa maji tu, na nyingine mjini hakuna. Barabara imefungwa, wewe mwenyewe unajua." Ulfat alikuwa amekaa kwenye godoro anawasikiliza. Hakuuliza kitu, na kutouliza kwake kulimuuma mama yake kuliko kilio.

Wazee walituma ujumbe kilimani kwa njia ya desturi: tutaleta bunduki tuzilaze miguuni penu, tutaleta fahali tuwachinjie, mtuhukumu. Jibu likaja kwamba marehemu ana matanga, warudi baada ya arobaini. Ulfat hakuwa na arobaini.

Basi Ghania akaamua kutumia desturi nyingine, ya wanawake. Kwetu mwanamke aliyedhulumiwa akilichoma vazi lake hadharani, anayemwona, hata awe adui, ameshatwishwa mzigo wake. Hawezi kusema hakuona. Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijachomoza vizuri, akalichukua gauni jekundu lililoraruka, na mafuta ya taa, na ndoo ya maji na kitambaa.

"Usipande," akamwambia Radman, aliyekuwa amekaa jikoni, orofa ya mwisho, mkono umefungwa bendeji. "Unanisikia? Hata ukisikia nalia, hata ukisikia nimekufa, usipande. Mama, mshike huyu."

"Nitamshika," akasema Bibi Muhsina.

Kutoka hapo kwenda juu ya paa kuna ngazi ya mbao na tundu la kutokea. Ghania akapanda, akatoka. Alikuwa ameacha kichwa wazi, nywele zimemwagika mgongoni, jambo ambalo hata mumewe aliliona chumbani tu. Akalirundika gauni ukingoni mwa paa, akalimwagia mafuta, akawasha.

"Enyi wa kilimani!" akapaza ile sauti yake ya sokoni. "Mimi ni Ghania binti Muqbil, mtu wa Sabir, mjane wa Shaif mliyemuua hapa niliposimama! Vazi lililomuua mwenzenu ni langu, liliibwa! Nalichoma mbele yenu! Kichwa changu hiki hapa, tazameni, hakina ndevu! Nina mtoto mgonjwa, na dawa yake inapozwa kwa kioo hiki. Niko usoni penu!"

Maneno hayo ya mwisho mtu hayasemi kwa mchezo. Anayeyasema ameuweka uhai wake mikononi mwa anayemsikia. Gauni likaungua kimya, moshi ukapanda. Kisha sauti ikajibu kutoka kilimani, sauti ya kijana, imekauka kwa kulia au kwa sigara.

"Tumekuona, mama! Wewe hatukugusi!"

Ghania akashusha pumzi. Akachovya kitambaa.

"Lakini hivyo vioo vilimficha aliyemuua kaka yangu!" sauti ikaendelea. "Vioo havina hifadhi!"

Risasi ya kwanza ikaipasua paneli ya pembeni, kioo kikawa unga. Ya pili ikaipasua inayofuata. Vipande vilimrukia Ghania, kimoja kikamchana shavu, damu ikamtiririka mpaka kidevuni. "Mbwa we!" akapiga kelele. "Kioo kimekukosea nini? Njoo unipige mimi!" Hawakumpiga. Walizipiga sola kwa utaratibu, moja moja, kama mtu anayevunja mayai, na yeye anakimbia huku na huko katikati. Ikabaki ile ndogo, nyembamba, ya zamani kuliko zote, iliyofungwa waya wa friji. Ghania akairukia, akasimama mbele yake, akatanua mikono.

Risasi zikakoma.

"Ondoka, mama!"

"Njoo uniondoe!"

Akakaa vilevile, jua linamchoma macho, maana lilikuwa linachomoza nyuma ya kilima. Kwa kuwa hakuthubutu kugeuka, akafuta kioo kinyumenyume, mkono mgongoni, kitambaa kibichi kikipita juu ya vumbi, akikikamua na kukichovya tena kwenye ndoo iliyokuwa mguuni. Alikijua kioo kile hata bila kukitazama. Alipomaliza akaita, "Taa inasemaje?"

"Nyekundu!" akajibu Bibi Muhsina kutoka chini ya tundu. "Bado nyekundu!"

Ndipo Ghania alipogeuza shingo kidogo akaona. Kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya kioo chote, kichwa, mabega na mikono. Akisimama, kioo kimelala. Akiondoka, kioo kimekufa. Akajitukana mwenyewe, akalitukana jua, kisha akatulia akapiga hesabu. Jua linapanda. Likifika utosini kivuli kitarudi miguuni, na kioo kitapata mwanga wote huku yeye bado yuko mbele yake. Kazi yake ilikuwa kusimama tu mpaka hapo. Kusimama alikuweza.

Na angesimama, wallahi, bila tone jingine la damu, kama si wanaume wa mtaa huu. Walikuwa wamejikunyata kichochoroni wanasikiliza, na mmoja wao, sitamtaja, akaita kuelekea dirisha la jikoni: "Radman! Shemeji yako yuko juu kichwa wazi, wewe umekaa na masufuria?" Radman akainuka. Mama yake akamshika kanzu, akamshika mguu, akaburuzwa sakafuni. Kijana akachukua bunduki akapanda.

"Lala chini, shemeji!" akapiga kelele akitokeza tundu. "Nakulinda!" Akajificha nyuma ya tangi la maji akaanza kufyatua.

"Shuka, mjinga we!" Ghania akalia. "Walikuwa wamenyamaza! Radman, walikuwa wamenyamaza!"

Kilima kikajibu. Tangi likatobolewa, maji yakaanza kumwagika, maji ya nyumba nzima. Radman akaruka kutoka nyuma ya tangi kutafuta pa kujificha, na risasi ikamvunja goti. Akaanguka mahali peupe, kati ya tangi na paneli, bunduki ikateleza mbali naye ndani ya maji. Akajaribu kutambaa kwa mkono mmoja mzima.

"Shemeji," akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya mtoto. "Shemeji, njoo mbele yangu. Wewe hawakupigi. Njoo tu usimame."

Kutoka chini ya tundu Bibi Muhsina alikuwa amesikia. "Ghania! Mfunike mwanangu!" Ngazi ya mbao ikaanza kulia. Mama mzima, miguu imevimba kama magunia, alikuwa anajivuta kwa mikono. "Mfunike, Ghania! Ninakuja! Mfunike mpaka nifike!"

Mdunguaji hakupiga. Labda bunduki ilikuwa inajazwa. Labda alikuwa anangoja aone mwanamke atafanya nini. Ghania alikuwa na mwili mmoja. Radman hakuwa mbali, hatua chache tu, na angeweza kumfikia, akapiga magoti juu yake, na hakuna mtu wa kilimani ambaye angethubutu. Na kioo kingebaki wazi nyuma yake. Alimtazama yule kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kufunga viatu. Alimpenda, na alimchukia kwa moyo wote, na katika kufumba na kufumbua vyote viwili havikumsaidia chochote. Akilini alimwona Ulfat kwenye godoro, amenyamaza.

Hakutoka.

"Shemeji," Radman akasema tena, na risasi ikamwingia kifuani.

Kichwa cha Bibi Muhsina kilitokeza kwenye tundu mwangwi ukiwa haujaisha. Aliona mwanawe amelala ndani ya maji na damu, na aliona mkwewe amesimama wima mbele ya kioo, mikono imetanuliwa. Hakulia. Alijivuta mpaka akamfikia mwanawe, akamlalia juu, akamfunika.

"Shuka, mama!" ikaita ile sauti ya kilimani. "Tumelipana! Haturudii tena!"

Ghania hakuwaamini. Alisimama. Jua likapanda, damu ya shavuni ikamkaukia, mabega yakamuuma mpaka hakuyasikia tena. Maji ya tangi, mekundu sasa, yakampitia kati ya vidole vya miguu. Wanawake wa jirani wakaja wakamchukua Radman na mama yake, wakampita bila kumgusa. Kivuli kikarudi nyuma kidogo kidogo, kikaacha kioo, kikaingia chini ya nyayo zake. Ndipo Nabiha, aliyelazwa nyumba ya pili na mguu wake, akamtuma dada yake aingie kwa Ghania akaitazame taa ya betri, naye akapiga kelele kutoka ndani: "Imewaka! Taa imewaka kijani!" Friji ilikuwa imeanza kunguruma. Ghania akashusha mikono, akaondoka mbele ya kioo hatua moja, akangoja. Hakuna aliyepiga.

Radman alizikwa alasiri. Magharibi, watu walipokwisha toka, Bibi Muhsina alifungua friji, akatoa chupa, akaitazama kwenye mwanga, akavuta dawa kwa sindano. Mikono yake ilikuwa bado inanuka karafuu maiti. Akamchoma Ulfat taratibu, akampangusa tone la damu kwa kidole, akamfunika shuka. Mtoto akalala. Ghania alikuwa amekaa mlangoni, shavu limefungwa kitambaa.

"Ningekuwa wewe, ningemfunika," akasema Bibi Muhsina bila kugeuka.

"Najua, mama."

"Na huyu hapa angekufa."

"Najua."

Bibi Muhsina akairudisha chupa ndani ya friji, akasukuma mlango mpaka akausikia umeshika.

"Dawa nitampa mimi kila siku," akasema. "Chakula tutakula pamoja, maana sote hatuna nyumba nyingine. Lakini usiniite mama tena."

"Sawa, Bibi Muhsina," akasema Ghania, kama tunavyomwita sisi majirani, na ndivyo anavyomwita mpaka leo.